Kundi letu la kiwango cha mizani ya korosho: mlango uwe wazi, ila hataza tuzimalize mlangoni

#1 Mzawa wa Mikindani

Wakuu, habari za jioni. Uzi ni mrefu. Mwenye haraka naomba aurudie akiwa ametulia, maana nahitaji ushauri wa kweli kabla msimu haujafunguliwa.

Kwa ambao hawajawahi kukaa ghalani: mkulima akileta korosho chama cha msingi, gunia linapanda kwenye mizani, karani anasoma namba, anaandika kitabuni, anaandika tena kwenye stakabadhi, halafu usiku mtu anakaa na kompyuta kuingiza namba zilezile mara ya tatu. Kila panapoandikwa upya kuna kilo inayopotea au kuongezeka, na ugomvi ninaousikia kwetu kila msimu ni wa kilo. Mizani nyingi za siku hizi zina tundu la waya kwa nyuma, na uzito unatoka humo wenyewe. Mwaka juzi nilitaka programu yangu iusome. Muuzaji akanijibu kwamba mpangilio wa zile namba ni siri ya kampuni, na nikiutaka nilipe kila mwaka, kwa kila mizani. Nikakaa siku nne napandisha mawe ya kilo 10, 20, 30 huku natazama kinachotoka, mpaka nikaelewa. Nikahamia kijiji cha pili, mizani ni ya kampuni nyingine, mpangilio mwingine kabisa. Nikaanza upya.

Ndiyo mwaka jana tukaunda kundi. Tulikuwa saba: makarani wawili, mafundi wawili wa mizani, wanafunzi wawili wa chuo, na mimi. Kazi yetu ilikuwa moja tu, kuandika waraka mfupi unaosema uzito utoke kwenye mizani kwa mpangilio gani na stakabadhi ya kielektroniki ibebe nini, ili fundi yeyote wa Masasi au wa Dar atengeneze programu na mizani yoyote isomeke. Tukatangaza kwamba kila mtu anakaribishwa. Hatukuuliza mtu anafanya kazi wapi, wala hatukumsainisha mtu chochote. Niliamini huo ndio uwazi.

Kikao cha tatu akaja kijana mmoja mstaarabu, anayeijua kazi. Alitupa njia nzuri ya kufanya stakabadhi zilizoandikwa bila mtandao zisigongane namba zikifika ghala kuu. Tukaiingiza kwenye rasimu. Miezi mitano baadaye, vyama viwili vikiwa vimeshaanza kuitumia, ikaja barua kutoka kampuni anayofanyia kazi: njia ile imo kwenye maombi yao ya hataza, yaani haki ya kisheria ya kuwazuia wengine wasitumie ulichobuni, na tukitaka kuendelea nayo tukae tuzungumze leseni. Nilimpigia kijana. Alisema alichangia kwa nia njema na ofisini hakuna aliyemwambia lolote. Namwamini. Lakini rasimu ilibidi tuibomoe, na makarani niliowafundisha kwa mikono yangu nikarudi kuwaambia waache. Mama mmoja akaniuliza, "Kwa hiyo mwanangu, ulituletea kitu cha watu?" Sikuwa na jibu.

Nikaanza kusoma wenzetu walipitaje hapa. Wavuti huu tunaoutumia ungeweza kuwa wa mtu. Tarehe 30 Aprili 1993 CERN, kituo cha utafiti alikokuwa Tim Berners-Lee, aliyeubuni Wavuti, kilitangaza kwamba teknolojia ya Wavuti ni ya watu wote bila malipo. Miezi michache kabla, Chuo Kikuu cha Minnesota kilikuwa kimetangaza ada kwa baadhi ya watumiaji wa Gopher, mfumo uliokuwa ukishindana nao. Watu wakaogopa, wakahama. Baadaye W3C, shirika linaloandika viwango vya Wavuti, likaweka kanuni ya hataza iliyoanza kazi Februari 2004: kampuni ikiingia kwenye kikundi kazi, inaahidi kwamba hataza zake ambazo huwezi kutekeleza kiwango bila kuzigusa, kila mtu atazitumia bila mrabaha, yaani bila kumlipa mwenye hataza. Ikiwa kuna ambayo haiko tayari kuiachia, inaitaja ndani ya siku 150 tangu rasimu ya kwanza itoke hadharani, ili wenzake wajue wanaipitaje.

Sasa nataka kundi letu lirudi kwa mtindo huo. Yeyote aje, ada hakuna, lakini kabla hajachangia asaini karatasi moja ya ahadi. Kama tunavyovua viatu kibarazani: hakuna anayekuuliza viatu vya bei gani, ila huingii navyo. Je, nakosea wapi? Kuna wanaoniambia nitawafukuza watu.

#2 Kusini Kabisa

Nafuatilia. Mdogo wangu ni karani Nanyamba, hayo ya kuandika mara tatu ni kweli tupu. Mwaka jana alilala ghalani siku mbili kutafuta kilo 54 ambazo hazikuwa zimepotea, kilo 60 zilikuwa zimeandikwa 06, sita na sifuri vimebadilishana nafasi.

#3 Fundi Nachingwea

Mkuu, nakuheshimu kwa kazi, lakini hapa unajitafutia mzigo. Hizo kanuni za W3C zimetungwa na kampuni kubwa zinazoshtakiana Marekani. Sisi huku Lindi na Mtwara nani atakuja kutushtaki kwa mpangilio wa namba za mizani? Andikeni waraka, utumike, basi. Ukianza kumsainisha fundi wa kijijini makaratasi ya hataza, hatarudi kikao cha pili. Mgeni njoo mwenyeji apone, wahenga walisema hivyo, hawakusema mgeni njoo usaini kwanza.

#4 Wakili wa Ligula

Fundi Nachingwea, una nusu ya haki, naomba nikupe nusu nyingine.

Hataza haina nguvu nje ya nchi ilikotolewa. Hataza ya Marekani haikuzuii kutengeneza na kuuza kitu Newala. Ili imfunge mtu Tanzania Bara, lazima iwe imepitia BRELA, wakala wa usajili wa hapa nchini, au imepitia ARIPO, shirika la hakimiliki za ubunifu la nchi kadhaa za Afrika lililoko Harare, na Tanzania ikatajwa miongoni mwa nchi zinazohusika. Hizi njia mbili ziko wazi kwa kampuni yoyote, hata ya nje. Kwa hiyo hofu isiwe ya Marekani. Mzawa ameandikiwa barua na watu wa humuhumu nchini.

Wapo watakaokuja kusema Tanzania imo kwenye nchi zenye maendeleo duni na zimeongezewa muda hadi tarehe 1 Julai 2034 kabla ya kubanwa na TRIPS, mkataba wa kimataifa wa biashara kuhusu hataza na haki nyingine za ubunifu. Ni kweli. Lakini sisi tuna sheria yetu ya hataza ya mwaka 1987, na nyongeza ile ya muda haiifuti.

Mzawa, sasa wewe. Maombi ya hataza si hataza. Yanaweza kukataliwa, au yakakubaliwa yakiwa yamepunguzwa mpaka hayakugusi. Barua ile ilitaja namba ya ombi? Ilitaja tarehe ya kuwasilishwa? Kama haikutaja, waandikie kwa adabu uwaombe vyote viwili. Tarehe ndiyo muhimu zaidi: hataza hutolewa kwa kitu kipya, na kama ombi liliingia baada ya kijana kuieleza njia ile kwenye kikao kilichotangazwa kwa umma, upya wake una mashaka. Usijiamini mapema, maana sheria za hataza mara nyingi humwachia mvumbuzi kipindi cha msamaha, cha kuomba hata baada ya kuieleza. Lakini ulibomoa rasimu kwa barua ambayo hukuihoji, na hilo linaniuma kwa niaba yako. Mna kumbukumbu za kikao? Mali bila daftari hupotea bila habari.

#5 Mzawa wa Mikindani

Dada Wakili, ahsante sana. Barua haikutaja namba wala tarehe. Kumbukumbu tunazo, ziko kwenye daftari la kikao na picha za ubao. Nitaandika barua wiki hii.

#6 Lindi Mjini

Mzawa, mimi nimeshiriki vikundi vya jamii vya W3C kwa miaka kadhaa, nikiwa hapahapa Lindi, kwa bando la simu. Naomba nirekebishe jambo na kuongeza mengine.

W3C haikuzaliwa na kanuni ya bure. Mwaka 2001 ilitoka rasimu iliyoruhusu viwango vyenye hataza za kulipiwa, kwa lugha ya masharti ya haki na yasiyobagua. Waandishi wa programu huria wakapinga kwa wingi mpaka muda wa maoni ukaongezwa, na watu wao kama Bruce Perens na Eben Moglen wakaitwa kukaa ndani ya kikundi kilichokuwa kikiandika kanuni. Kanuni ya bila mrabaha unayoisifia ilitoka kwenye ugomvi ule. Yaani ni mlango wazi uliozaa ahadi ya hataza. Kama maoni yale yangeruhusiwa kwa wanachama walipa ada peke yao, sidhani kama tungeifikia.

Kuanzia 2011 W3C ikafungua vikundi vya jamii: huhitaji kuwa mwanachama, hulipi, unajiunga ukiwa na intaneti. Lakini unakubali mkataba wa mchangiaji, unaosema ulichokichangia, hataza zako zinazokihusu hazitamzuia mtu wala kumdai. Mimi niliukubali nikiwa kwenye kiti cha plastiki dukani kwa shemeji yangu. Haukunifukuza. Ulinipa moyo, kwa sababu nilijua na yule mhandisi wa kampuni kubwa niliyekuwa nabishana naye ameukubali huohuo.

IETF, wanaoandika itifaki za intaneti, yaani kanuni za mashine kuwasiliana, wana njia nyingine. Hakuna uanachama kabisa, unajiunga na mjadala na unahesabika. Hawamlazimishi mtu kuachia hataza bure. Wanamlazimisha kuitaja, kama anaijua na inahusu anachochangia au anachoshiriki kujadili. Kundi ndilo linaloamua kuendelea au kuikwepa. Hata hivyo wametoa vitu vilivyo huru: sauti unazorekodi na kutuma WhatsApp zinabanwa kwa Opus, kiwango cha IETF cha mwaka 2012, na waliotangaza hataza zao ndani yake, waliokuwa wakikijenga, waliziachia bila mrabaha. Bibi yangu Rutamba anatuma sauti hizo kila asubuhi.

Sasa kosa lenu halisi. Hamkumuuliza yule kijana anafanya kazi kwa nani. Saini yake peke yake isingetosha! Ugunduzi wa mwajiriwa, hasa uliofanywa kazini, mara nyingi ni mali ya mwajiri kwa mkataba wa ajira au kwa sheria. Karatasi yako ikisainiwa na kijana bila kampuni kujua, mtakuwa na karatasi na barua itakuja vilevile. Weka nafasi ya jina la mwajiri, na aliyeajiriwa alete sahihi ya mwenye mamlaka ya kuifunga kampuni. Asiyeajiriwa anasaini mwenyewe.

Na muandike kwa maneno yasiyoteleza. Marekani kulikuwa na kampuni ya Rambus iliyokaa kwenye vikao vya JEDEC, wanaoandika viwango vya kumbukumbu za kompyuta, ikaondoka 1996, kisha kuanzia 2000 ikadai malipo kwa hataza zilizogusa kumbukumbu zile. Kesi zikachukua miaka. Mwaka 2003 mahakama ya rufaa ikaona kanuni ya JEDEC ya kufichua hataza haikueleza vya kutosha mwanachama anatakiwa kufichua nini na lini. Tume ya biashara ya huko ikaiona Rambus na hatia mwaka 2006, nayo 2008 mahakama ikautengua uamuzi huo. Linganisha na Dell. Mwakilishi wake alisaini mwaka 1992 kwenye VESA, kundi la viwango vya kompyuta, kwamba kampuni haina hataza inayogongana na kiwango walichokuwa wakipitisha. Baadaye Dell ikaidai. Mwaka 1996 tume ileile ikaizuia kuidai. Tofauti kubwa ninayoiona mimi ni saini.

#7 Fundi Nachingwea

Haya, Lindi Mjini umenigeuza kidogo. Hiyo ya Dell sikuijua. Lakini nijibuni hili: karatasi inamfunga aliyesaini. Kampuni ambayo haijawahi kukanyaga kikao chenu na ina hataza yake, karatasi inaifanya nini?

#8 Wakili wa Ligula

Haiifanyi kitu, na tusimdanganye mtu hapa. W3C yenyewe ilikumbwa na hilo. Kampuni ya Eolas ilikuwa na hataza iliyohusu kuweka programu ndogo ndani ya ukurasa wa Wavuti, na mwaka 2003 baraza la wazee wa mahakama liliiamuru Microsoft ilipe zaidi ya dola milioni 520. W3C iliandika kuomba hataza ile ichunguzwe upya. Mambo yaliendelea mpaka 2012, Berners-Lee mwenyewe akatoa ushahidi huko Texas, na baraza likaamua madai ya hataza hiyo ni batili.

Kinga dhidi ya mtu wa nje ni kumbukumbu za tarehe na kutafuta mapema BRELA na ARIPO, na mlango mpana kadiri iwezekanavyo. Kadiri wengi wenye uzoefu wanavyokaa ndani, ndivyo walio nje wenye hataza wanavyopungua. Hapo ndipo ahadi na uwazi vinashikana mikono. Ahadi bila mlango wazi inawafunga wachache tu.

#9 Kusini Kabisa

Mfano ambao hata mimi nisiye mtaalamu nauelewa ni GIF. Watu walizitumia picha zile miaka kadhaa, halafu mwishoni mwa 1994 wakaambiwa njia ya kuzibana ina hataza ya Unisys na waandishi wa programu walipe. Wakajitolea watu mtandaoni wakatengeneza PNG, na W3C ikaipitisha Oktoba 1996. Kwa hiyo Mzawa kubomoa rasimu si aibu. Wakubwa pia walibomoa.

#10 Karani Tandahimba

Shikamooni wakubwa, wengine hamjambo. Mimi ndiye mmoja wa wale makarani wawili wa kundi la Mzawa. Nimesoma yote. Niseme yangu polepole.

Mnazungumza saini kama kitu chepesi. Huku kwetu mtu mzima akiletewa karatasi ya kusaini moyo unamdunda, kwa sababu karatasi alizowahi kusaini nyingi zilikuwa za makato. Kuna fundi wa mizani tunayemtegemea, mzee wa miaka sitini na kitu, anazijua mizani kuliko kijana yeyote. Darasa la nne. Ukimwekea karatasi ya Kiingereza yenye kurasa tisa, atakuambia kesho, na kesho hatakuja. Mlango utakuwa wazi lakini yeye yuko nje.

Tena si karatasi tu. Vikao vyetu vya mwaka jana vilikuwa saa kumi jioni Mtwara mjini. Saa kumi jioni msimu wa korosho mimi niko kwenye mizani. Nilihudhuria vikao vitatu kati ya tisa na kila nilipokuja nilikuta jambo limeshaamuliwa. Kaka Mzawa, nilinyamaza kwa heshima, sasa nasema. Kikao kile mlichopitisha njia ya yule kijana sikuwepo, na ningekuwepo ningeuliza kwa nini tusitumie namba ya kitabu cha stakabadhi ambayo tayari haijirudii. Vitabu vyetu vina namba kwa kila chama. Ukitanguliza namba ya chama, hazigongani.

#11 Mzawa wa Mikindani

Dada, nimesoma ujumbe wako mara tatu. Naomba radhi, na naomba hapahapa mbele ya watu.

Na hiyo ya namba ya kitabu... tulikuwa nayo mkononi muda wote. Namba ya chama, namba ya kitabu, namba ya ukurasa. Haihitaji njia ya mtu yeyote. Nimeijaribu usiku huu kwa stakabadhi za msimu uliopita nilizonazo kwenye mashine, hakuna hata mbili zilizogongana.

#12 Lindi Mjini

Na ni utaratibu uliokuwepo kwenye makaratasi miaka mingi kabla ya ombi la mtu yeyote. Pigeni picha vitabu vya zamani vyenye tarehe. Karani, hongera sana.

Kuhusu vikao: IETF wana mikutano ya ana kwa ana mara tatu kwa mwaka, lakini kinachoamuliwa chumbani lazima kithibitishwe kwa maandishi na wasiokuwepo. Chukueni hilo. Uamuzi wa kikao ukae wiki mbili kabla haujawa uamuzi.

#13 Mwalimu wa Shangani

Nimechelewa. Msisahau TBS, shirika la viwango la Tanzania. Kama siku moja mtataka waraka uwe kiwango cha taifa, utapita kwenye kamati za kiufundi za huko, na mkitaka kufika mbali zaidi kuna ISO, shirika la viwango la kimataifa. ISO na wenzake wa kimataifa IEC na ITU wana kanuni moja ya hataza, na mwenye hataza anajaza fomu yenye njia tatu: naachia bure, naachia kwa masharti ya haki bila ubaguzi, au siachii kabisa. Akichagua ya tatu, kiwango hakiruhusiwi kutegemea hataza yake. Ya pili ndiyo ya kuangalia, maana masharti ya haki kwa kiwanda cha Ulaya si haki kwa chama cha msingi cha wakulima mia mbili. Mkifika huko na waraka ambao wote waliouandika wameshaahidi bila mrabaha, sehemu kubwa ya kazi mmeimaliza. Pia Wakala wa Vipimo wajulishwe mapema, ndio wanaokagua mizani.

#14 Wakili wa Ligula

Nimeandika ahadi kwa Kiswahili, iingie ukurasa mmoja. Kiini chake hiki:

"Mimi, na mwajiri wangu aliyetajwa hapa chini, tunaahidi kwamba mtu yeyote anayetekeleza waraka wa kundi hili hatatulipa wala kutuomba ruhusa kwa hataza yetu yoyote ambayo waraka hauwezi kutekelezwa bila kuigusa. Iwapo ipo tusiyotaka kuiachia, tutaitaja kwa maandishi ndani ya siku 60 tangu rasimu kutolewa, na kundi litakuwa huru kuiondoa sehemu hiyo. Ahadi hii haiondoki tukitoka kwenye kundi, kwa yale yaliyoandikwa tulipokuwemo."

Sentensi ya mwisho ni kwa sababu ya mambo kama ya Rambus. Anayetaka kusikiliza tu bila kuchangia asisaini, akae, akaribishwe chai. Akitaka kuchangia, asaini.

#15 Fundi Nachingwea

Hiyo nasaini. Na nitakuja na mizani mbili za aina tofauti ili tusome zinachotoa. Nachingwea hadi Mtwara kwa basi nalala njiani ikibidi, nipeni tarehe.

#16 Karani Tandahimba

Dada Wakili, nimeisoma kwa sauti leo ofisini. Neno "hataza" wajumbe hawakulijua, nikasema ni hati ya serikali inayompa mtu haki ya kuwazuia wengine wasitumie alichobuni. Wakaelewa. Liandike hivyo kwenye karatasi, na "waraka hauwezi kutekelezwa bila kuigusa" uiwekee mfano wa mizani.

Mzee wa mizani nilimsomea peke yake. Aliuliza kama kuna makato. Nikamwambia hakuna. Akauliza kama na wale wa kampuni watasaini hiyohiyo. Nikamwambia hiyohiyo. Amesema atakuja, lakini kikao kiwe Jumapili baada ya saa nne asubuhi, na kiwe Tandahimba.

#17 Mzawa wa Mikindani

Jumapili, saa nne na nusu asubuhi, Tandahimba. Nakala za karatasi nachapa mimi. Yule kijana wa kampuni pia nimempa taarifa, ameomba wiki moja apeleke ahadi kwa bosi wake.